Niliing'arisha hela ya Mjerumani ya nyanya yangu, nikafuta alama ya ndugu yake (Voi, miaka ya hamsini)

Wakuu, salamu kwenu wote, wa milimani na wa bondeni.

Nimekuwa nikisoma humu nyuzi za vijana wanaokusanya sarafu, na vile mnabishana nani ni collector wa kweli na nani ni mchuuzi tu. Nikasema wacha na mimi niweke yangu. Ni kitu kilichonipata mimi mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Naandika kwa kidole kimoja, tuvumiliane.

Twendeni Voi, miaka ya hamsini. Malkia ndiyo kwanza ameingia kwenye sarafu, lakini za babake King Joji bado zilijaa mifukoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Darasa la nne nimemaliza, basi. Nilikuwa kazini stesheni, chumba cha taa. Kazi yangu kusafisha taa za reli na vitu vyote vya shaba. Unatia dawa kwa kitambaa, unasugua mpaka unaona meno yako.

Nilianza kukusanya kwa zile senti kumi zenye tundu katikati. Watu walikuwa wanazitunga kwa kamba. Siku moja nikazipanga zangu kwa miaka, nikaona kuna miaka imeruka. Ugonjwa ukaanza hapo hapo.

Mshahara ukiingia naubadilisha wote uwe senti kumi, nachambua, halafu narudisha. Karani wa tiketi akiniona kwa mbali anavuta dirisha. "Huyu wa matundu amekuja tena."

Basi mimi nilikuwa wa aina hiyo, wa kujaza safu. Mwaka mmoja ukikosekana silali vizuri.

Lakini Voi ilikuwa na wengine.

Kulikuwa na Mutua, fundi kutoka Ukambani, anatengeneza bangili nyuma ya soko. Yeye alitafuta rupia za zamani na shilingi za kitambo zenye fedha ndani. Mwaka hasomi. Anaidondosha kwenye jiwe, anainamisha kichwa, anasikiliza. Sarafu kwake ilikuwa bangili ambayo haijaamka. Nilimwambia siku moja anaua historia, akaniambia, "Historia haivaliwi mkononi, kijana."

Halafu kulikuwa na Bwana Lalji, mwenye duka la vitambaa. Huyo alikuwa mwingine kabisa. Sarafu zake zilikaa kwenye mikebe ya sigara, zimelazwa juu ya pamba. Aliishika moja kwa ukingo, kama mtu anayeshika kifaranga, na ukipumua karibu anakutazama vibaya. Alizitaka vile zilivyo, na uchafu wake wote.

Jumapili baada ya chakula wakusanyaji watatu wanne walikaa kwenye baraza lake la nyuma, wanaonyeshana. Mimi niliwahi kuuliza kama naweza kukaa nao. Lalji hakunicheka. Aliniambia, "Lete kitu kimoja sisi hatuna. Utapata kiti."

Wakuu, hicho kiti nilikiota mchana. Nikiwa nasugua taa najiona nimekaa, nimekunja mguu. Baadaye nina kabati la kioo, watu wanashuka kwa treni ya Mombasa kuja kuliona.

Na nilijua hicho kitu kiko wapi. Kilikuwa Werugha, juu milimani Taita, kwa nyanya yangu, kimefungwa kwenye pindo la leso yake.

Ilikuwa hela ya Mjerumani. Ile ya Tabora. Kwa wasiojua, vita vya kwanza vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, pesa ziliwaishia, wakajigongea zao wenyewe Tabora kwa mashine za karakana ya reli. Ndiyo maana ni mbaya mbaya, kama chapati ya mtu anayejifunza. Upande mmoja kuna taji na mwaka.

Nyanya alikuwa na kaka yake, Mwakio. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo na hakurudi. Aliyerudi ni mtu mmoja wa kijiji cha Chawia aliyekuwa naye, akaleta hiyo hela.

Mwakio hakujua kuandika. Kwa hivyo alichora kwa ncha ya kisu, kando ya taji, kichwa cha mbuzi. Pembetatu ndogo na masikio mawili, na sikio la kulia likiwa na mikato miwili. Kwetu kila nyumba ilikata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake ili wasichanganyike malishoni. Mikato miwili sikio la kulia ilikuwa ya boma la baba yao. Nyanya alipoiona alijua haijatoka kwa mtu mwingine.

Macho yake siku hizo yalikuwa yameingia ukungu. Aliisoma kwa kidole gumba. Akikaa tu, gumba liko pale.

Nilimbembeleza wiki tatu. Mwishowe akaifungua. "Bwanangu," maana hivyo ndivyo alivyoniita, mjukuu kwetu ni mume wa utani, "hii si ya kuchezea. Nakupa wiki mbili."

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Ilikuwa nyeusi. Nikaona aibu kuwapelekea watu wenye nguo safi kitu cheusi hivyo. Nikasema niisafishe, hata mbuzi wa Mwakio ataonekana vizuri zaidi. Nikaitia dawa ya taa. Weusi ukabishana na mimi. Nikaongeza unga wa tofali. Nikasugua saa ya chakula siku mbili, kwa bidii ile ile iliyonifanya nisifiwe na stesheni masta.

Ikang'aa kama jua. Jumapili nikaenda kwa Lalji nimevaa shati la kuazima.

Niliiweka mezani. Lalji akaishika kwa ukingo, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nani alikwambia uoshe?"

"Nilitaka iwe safi, Bwana Lalji."

"Ungeniletea na kinyesi cha kuku ningefurahi zaidi. Hii umeiogesha mpaka sura imetoka."

Nikasema si kitu, kuna alama, alama ndiyo yenye hadithi. Nikaichukua niwaonyeshe mbuzi.

Hakukuwa na mbuzi.

Kando ya taji palikuwa laini kama sabuni. Kile kisu hakikuwa kimeingia ndani sana, na mimi nilikuwa nimesugua siku mbili. Kiti nilipewa siku hiyo, wakuu, lakini ni vile anavyopewa mtu aliyeletewa habari za msiba.

Hapo nikawaeleza yote. Lalji akaingia ndani, akarudi na mkebe. Akatoa hela nyingine ya Tabora, nyeusi, sawasawa na ile ya nyanya kabla sijaiharibu. Akafunga mkebe haraka kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

"Mpelekee hii. Malipo yangu ni kwamba hutaosha sarafu tena maisha yako."

Nikaondoka pale nimejiapia kitu kimoja: nyanya hatajua. Afadhali nidanganye kuliko nimvunje moyo. Nilidhani huo ni upendo.

Nikaenda kwa Mutua. Akaitazama ile nyeusi, akaidondosha kwenye jiwe kwa mazoea, akakunja uso. "Haina fedha hata chembe. Unataka nini?"

"Kichwa cha mbuzi hapa. Masikio mawili. Moja lina mikato miwili."

"Lipi?"

"La kulia."

Hakuchukua muda. Akapaka masizi na mafuta, akaifuta, na mbuzi alionekana kama amezaliwa na hiyo hela. "Hata mwenyewe akifufuka ataapa ni mkono wake," akasema.

Jumamosi nikapanda lori lililoshusha kabichi Voi, linarudi Wundanyi na magunia matupu. Kutoka pale nikapanda Werugha kwa miguu. Ukungu ulikuwa chini, ng'ombe unawasikia kabla ya kuwaona. Mfuko mmoja nina hela ya Lalji, mfuko wa pili nina ya nyanya.

Nilimkuta nje anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwamkia, nikampa ile ya Lalji.

Gumba likaenda moja kwa moja kwenye taji, likateremka kando. Likazunguka. Likasimama.

"Bwanangu."

"Nyanya."

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

"Ni wa kwenu, nyanya. Mikato miwili, sikio la kulia."

"Kulia kwa nani? Kwako au kwa mbuzi?"

Nikajishika sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Mbuzi akikutazama, kulia kwake kuko upande wako wa kushoto. Mtoto anayechunga anajua. Hii ni alama ya boma moja la kule Mwanda. Ndugu yangu aende mpaka Tabora, halafu anirudie akiwa mbuzi wa Mwanda?"

Nilicheka, kwa woga tu, kisha nikalia. Nikatoa ile nyingine, nikamwekea mkononi, nikamweleza kila kitu: dawa ya taa, tofali, Lalji, Mutua, na uongo wangu.

Hakunigombeza. Alitafuta kwa gumba. Akazunguka taji lote, akarudi, akazunguka tena. Gumba lilikuwa linatafuta mtu. Hilo ndilo sijalisahau mpaka leo. Kisha akaiweka juu ya maharagwe, akaingia ndani.

Hapa niwaeleze kitu kwa wasio wa kwetu. Kwa Wadawida, yaani sisi Wataita, hasira ya mzee ikikaa moyoni si mchezo. Hata asiposema neno, hata kama anakupenda, inaweza kukudhuru. Dawa yake ni kutasa. Mzee anachukua maji mdomoni, anayapuliza nje, anasema hasira itoke, moyo upoe, mtu awe mzima. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Na huwezi kumwomba mtu atase. Akitasa na hasira bado imo, ni kazi bure.

Kwa hivyo sikumwomba. Niliamua tu kwamba sitatoka kwenye uwanja ule mpaka moyo wake upoe wenyewe, hata nikifukuzwa stesheni.

Nikamaliza maharagwe. Nikateka maji. Nikamkatia ng'ombe majani kwenye matuta yote matatu. Chakula alinipa, maneno hakunipa.

Jumapili, aliporudi kanisani, nilikuwa nimepata wazo. Nikamwendea na msumari. "Nyanya, nielekeze, nimkate tena kwenye ile ile yako. Upande ulio sawa."

"Hapana. Aliyekata alikuwa yeye. Wewe hata hukumjua."

Nikaweka msumari chini. Kisha akauliza, "Shuleni walikufunza kuandika?"

"Walinifunza."

"Leta kitabu."

Nilikuwa na kile cha kuandikia miaka ya senti kumi tu. Nikageuza ukurasa. Akaanza kusema, na mimi nikaandika. Kwamba Mwakio alitumia mkono wa kushoto. Kwamba alianza kucheka kabla hajamaliza kisa, hivyo visa vyake hakuna aliyejua mwisho wake. Kwamba aliogopa vinyonga, mtu mzima. Kwamba alitoka asubuhi na blanketi ya kuazima, na mwenye blanketi alikuja kuidai mpaka nyanya akamfukuza na mwiko.

Ikawa kurasa mbili. Akasema soma. Nikasoma. Akarekebisha: hakuogopa vinyonga wote, wale wa kijani tu. Nikasoma tena, akarekebisha tena. Mara ya tatu nikasoma mpaka mwisho, hakurekebisha kitu.

Akaomba kibuyu cha maji. Akanywa funda, akageuka kwangu, akanipulizia kifuani, baridi ile ya Werugha mnaijua. Akasema kwa Kidawida kwamba kama kulikuwa na hasira moyoni mwake sasa imetoka, nami niwe mzima na mikono yangu iwe mizima.

Kisha akafunga ile hela yake inayong'aa kwenye leso. "Nenda. Lori halikungoji wewe."

Ile nyingine nilimrudishia Lalji, na mbuzi wake. Kwa mtu kama yeye ilikuwa imeharibika kabisa. Akaitazama, akachukua kikaratasi, akaniuliza yule fundi anaitwa nani, akaandika, akailaza kwenye pamba na kikaratasi chake.

Nimekusanya miaka mingi tangu hapo. Safu ya senti kumi niliijaza yote. Kabati la kioo sikupata, nina masanduku mawili ya bati. Lakini sijachukua sarafu ya mtu tena bila kumuuliza ilikuwa ya nani na ilifikaje kwake, na jibu naliandika hapo hapo kabla sijaitazama mwaka. Wengi hukaa chini wakaniambia mpaka chai inapoa.

Somo langu ni hilo, wakuu. Msioshe. Na kabla hujauliza bei, uliza jina.

Najua wengi humu mna sarafu moja ya mtu wa kwenu, iko kwenye droo au kwenye kopo la majani ya chai. Nani alikuachia, na alikuwa mtu wa namna gani? Andikeni hapo chini. Mimi nasoma polepole lakini nitasoma zote.