Leso Niliyomvisha Nekesa kwa Nguvu

Wale waliokuwa kanisani kwetu Kibomet Jumapili hiyo bado wananisalimia vizuri, lakini nawajua, wakinigeuzia mgongo wanatikisa kichwa, na hawana makosa, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nasikia masikio yakiwaka moto.

Ilikuwa Siku ya Kina Mama, miaka ya elfu mbili na kitu, na mimi Mama Njeri ndiye nilikuwa mwenyekiti wa akina mama (na mwenyekiti akipewa maikrofoni, bana, kuirudisha ni kazi). Tuliambia akina mama wote wasimame, tukawavisha leso mmoja mmoja, tukapiga vigelegele, ikabaki leso moja. Si ningeikunja tu niiweke kwa mfuko? Lakini nikatupa macho nyuma nikaona Nekesa, bibi ya mwalimu mmoja mgeni aliyehamia Matisi, amekaa kwa benchi la mwisho na gauni pana, hajasimama, na tumbo limejitokeza kidogo. Nikajiambia, kumbe huyu ni mjamzito na anaona haya.

"Kuna mama hapa anajificha!" nikasema. "Dada Nekesa, kuja mbele!"

Akatikisa kichwa. Mtu mwenye akili angeishia hapo, lakini mimi nikatuma wamama wawili wamlete, wakamshika mikono huku wakicheka, nikamfunga leso mimi mwenyewe, nikamwekea mkono tumboni (mkono huu huu!) nikatangaza ati mwaka ujao tutamwona na mtoto mgongoni. Kanisa likalipuka. Nikamsogezea maikrofoni, nikamwambia, "Sema neno, mama."

Akasema polepole, "Mtoto wangu tulimzika wiki tano zilizopita, nyumbani Kamukuywa."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Badala ya kunyamaza, nilichanganyikiwa nikaanzisha wimbo, na wimbo wenyewe ni ule wa kurukaruka, na wapiga ngoma ambao hawakuwa wamesikia vizuri wakaupokea kwa nguvu zote, watu wa mbele wakilia na wa nyuma wakicheza, na Nekesa akapita katikati yao, akatoka nje. Ndipo nikasema, "Mungu wangu, nimefanya nini?" na maikrofoni bado iko mdomoni, kwa hivyo mpaka waliokuwa barabarani walisikia.

Kesho yake nikaenda kwake Matisi, nikaambiwa amerudi kwa mamake Kamukuywa. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikabeba sukari na mkate, nikaenda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Mamake akanikaribisha, akaniwekea chai, hakuniuliza kitu. Nekesa alipoingia, yale maneno yote yakapotea, nikaanza kulia mimi, tena kwa sauti, mpaka yeye mfiwa akawa ndiye ananifuta machozi (hata kuomba msamaha nilishindwa kufanya vizuri!).

"Mama Njeri," akasema, "uliniumiza sana. Sitakudanganya. Lakini tangu tumzike mtoto, hakuna mtu ameniita mama. Wanapita kando kama sikuzaa. Wewe uliniita mama mbele ya kanisa lote."

Nikamuuliza tu, "Aliitwa nani?"

Uso wake ukabadilika. "Emmanuel," akasema, halafu akanieleza vile alikuwa na nywele nyingi na vile alivyoishi siku nne akimshika mamake kidole. Akanipeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi dogo, tukapiga magoti kwa udongo wenye unyevu, na kwa mara ya kwanza niliomba bila kupanga maneno.

Mwaka uliofuata tulipanga ile ibada ya Siku ya Kina Mama pamoja, mimi na yeye. Hatukusimamisha mtu. Pasta aliwaombea wamama, halafu akawaombea waliozika watoto, na wanaongoja mtoto, na waliozika mama zao, na wale ambao mama zao waliwaumiza. Baada ya ibada Mzee Kamau, ambaye nimeabudu naye tangu tuje Trans-Nzoia, akanishika mkono, macho mekundu.

"Mama yangu aliniacha nikiwa mdogo," akasema. "Siku hii huwa nasema mimi ni mgonjwa, nabaki nyumbani. Leo nimeweza kukaa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani ni miguu inamsumbua.

Namshukuru Mungu kwa ile aibu, kweli, ingawa siombi nyingine. Na niliapa: mtu akikaa wakati wengine wamesimama, mimi sitamwinua tena. Nitaenda nikae karibu naye, na nikiweza, nitanyamaza.