Mpangaji Nisiyeruhusiwa Kumwona

Mimi ni mtu wa kuchungulia, na sioni haya kusema. Mtu akifungua mkoba karibu nami, lazima nitazame kilichomo. Basi fikiria mateso niliyopata Desemba ile, nilipompangisha mtu chumba ndani ya ua wangu mwenyewe, halafu nikakatazwa hata kumtupia jicho.

Nyumba yenyewe niliikodi Kaaga, hapa Meru, nilipohamishwa kikazi kutoka Embu. Ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, na nyuma yake, ng'ambo ya kamba ya nguo, kulikuwa na chumba cha peke yake chenye mlango wake na choo chake. Mwenye nyumba, mzee mkulima wa miraa kule Laare, aliniruhusu kukipangisha kwa yeyote nimtakaye, mradi amwone kwanza kwa macho yake. Wapangaji wangu wa kwanza aliwakagua hivyo. Aliwauliza kazi yao, akawatazama viatu, akasema sawa, akarudi kwa miraa yake.

Chumba kilipobaki tupu tena, aliyekitaka alikuwa jirani yangu, mama mmoja fundi wa kushona sare za shule. Yeye na mwanawe wa pekee waliishi katika chumba kimoja ng'ambo ya barabara, kitanda cha mama huku, cha kijana kule, pazia katikati.

"Dada, nakitaka kuanzia Desemba," akasema. "Kijana wangu anatahiriwa."

"Kwani si ana kitanda chake hapo kwako?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu huvaa nguo.

Kwetu Embu pia vijana hutahiriwa, lakini mimi nimezaliwa katika nyumba ya wasichana watupu; mambo hayo yalikuwa ya nyumba za wengine. Ikabidi anieleze. Kijana hukaa chumba cha kando mpaka siku ya kutoka, akifunzwa na wanaume, na mama yake hamwoni. Akishatoka, hawezi kulala tena chumba kimoja na mama. Wenye mashamba humjengea mtoto wao kibanda chake.

"Mimi nitajenga wapi? Juu ya cherehani?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Hakuwa na mume wala kaka. "Nisipopata chumba, watu wa ukoo watamchukua akae kwao huko Nyambene. Nitakuwa namwona Krismasi kwa Krismasi, dada."

Mzee akaja. Safari hii hakuuliza mambo ya kazi. "Nani atakaa na kijana?" Mama wa watu akainamisha kichwa. Mzee hakumuuliza tena. Alitoka uani, akakitazama chumba, akatazama dirisha la jikoni kwangu lililokielekea.

"Hapa weka pazia," akaniambia. "Na huku nyuma usikanyage mpaka tumalize."

"Ala! Na nguo zangu nitaanika wapi, mzee?"

"Mbele."

"Mbele watu waone shimizi zangu?"

"Wataona. Hawatakufa."

Nikaja juu. Nilimwambia nyumba nimeikodi mimi, na ua ni wangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akamgeukia yule mama akamwambia atakaa na kijana yeye mwenyewe. Mke na wanawe watashika shamba. "Desemba nimekubali," akasema. "Ya baada ya hapo, acha kwanza nimwangalie huyo kijana."

Basi mwenye nyumba akahamia kwa mpangaji wangu, na mimi nikawa naishi nyuma ya pazia lililokuwa likiniwasha mikono. Niliosha sufuria zilizokwisha kuoshwa, sikio nimelitega. Nilisikia sauti ya mzee, ndefu, ikipanda na kushuka, halafu kimya. Wanasema nini? Mara kijana akacheka. Anacheka nini? Siku moja nilimuuliza mzee anamfundisha nini huko. Akanikata jicho. "Wewe ni mwanamume?" Nikajikausha, lakini roho iliniuma kweli.

Mama alileta chakula kila siku mpaka jikoni kwangu, akiweka sahani ya mwanawe kando na ya mzee, na mzee akizichukua mlangoni. Hakuwa na njia nyingine ya kujua hali ya mtoto isipokuwa sahani zikirudi. Kijana yule tangu utotoni hakula vitunguu. Alikuwa akivisukuma ukingoni. Mama akiviona vimerudi ukingoni, anapumua. "Yuko sawa," ananiambia.

Ikafika siku sahani ikarudi safi. Mama akaketi kwenye stuli yangu.

"Amekula vitunguu," akasema.

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri," akasema, na machozi yakamtoka. Nilimchemshia chai.

Siku ya kutoka ilipofika, nilivaa vizuri kuliko mama mwenyewe. Ngai, Mungu wangu! Nilitarajia nini sijui. Kijana aliyekuja sebuleni kwangu na mzee alikuwa mrefu, mwembamba, shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alinipa mkono, akapiga moyo konde.

"Naomba kuendelea kukaa pale nyuma," akasema. "Mama ametuma neno kwa mzee kwamba niombe mwenyewe."

Nilimtazama mzee. "Mimi nimeshamwona," akasema. "Sasa ni wewe."

Nikakubali kabla hajamaliza kupumua. Kisha nikakimbia, kweli nilikimbia, ng'ambo ya barabara kumwambia mama yake kwamba habari za Nyambene zimekwisha. Alinikumbatia hadi tepu ya kupimia ikanizonga shingoni. Akawasha jiko, akapika wali na nyama, akanilazimisha nibaki tule wote watatu, pamoja na kijana.

Giza likianza kuingia tukasikia hatua nje. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa kila siku kijana alipokuwa akitoka shule, akiingia mbio na kutupa mkoba kitandani. Sasa hatua zikakoma kizingitini.

"Hodi."

Mama alibaki na mwiko hewani. Nikamgusa kiwiko.

"Karibu," akasema mwishowe, akainuka kumpisha kwenye kiti.