Mama Tanuri na vigae vinavyozalisha umeme

Saa tatu asubuhi, Mama Tanuri anafungua tanuri lililopoa na kuchungulia ndani. Kwenye trei vimelala vigae kumi, kila kimoja kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Anavikagua kimoja kimoja kwa lenzi.

"Vizima vyote," anasema, na kushusha pumzi.

Vigae hivyo ni seli ndogo za mafuta. Vikipashwa moto mkali na kupitishiwa gesi, hutoa umeme bila gesi yenyewe kuwaka.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili alichoma vigae vya sakafu kwa miaka kumi na tisa, hadi kiwanda chao kilipofungwa. Maabara inayotengeneza seli hizi ilimwajiri aangalie tanuri, basi.

"Wiki ya kwanza niliangusha trei nzima," anasema akicheka. "Kazi ya watu ya miezi miwili, vumbi tupu! Nilijua kibarua kimeota nyasi."

Mwaka jana mambo yalikwama. Utando ulio katikati ya kigae ukiwa mwembamba, umeme huongezeka. Lakini kila ulipopunguzwa unene, vigae saba kati ya kumi vilipasuka. Mkurugenzi wa maabara akatoa mwezi mmoja tatizo litatuliwe, la sivyo utafiti ufungwe.

Mama Tanuri alikuwa na lake moyoni. Aliona tope la vigae likikorogwa na kumiminwa papo hapo, mapovu yakiwa bado ndani.

"Nikamwambia mhandisi wetu, 'Mwanangu, tope hili halijapumzika. Liache mpaka kesho.' Akanijibu, 'Mama, kesho zenyewe zimebaki chache.'"

Mhandisi hakatai. "Lakini jioni nililitazama kwa hadubini," anasema. "Lilijaa mapovu. Nikaona aibu. Shahada mbili, na sikuwahi kuliangalia lile tope kwa makini."

Wakalipumzisha siku nzima, wakapoza tanuri taratibu kwa saa kumi na nane. Vigae tisa kati ya kumi vikatoka salama, utando ukiwa nusu ya unene wa zamani. Mita ikaonyesha umeme karibu mara mbili ya ule wa awali. Utafiti ukaongezewa miaka miwili.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, haachi utani. "Kila siku ananiuliza kama nimewaokea wanasesere biskuti."

Seli bora ya sasa hufanya kazi saa mia nne, kisha huchoka. Mama Tanuri anataka ifike elfu moja, na tayari ana mchanganyiko mpya wa kujaribu.

"Nimebakiza miaka minane nistaafu," anasema akifunga mlango wa tanuri. "Tutaona nani atachoka kwanza."