Gari la Baba Lililoitwa Kopi

Juzi niliona gari jekundu la kifahari, la chini kabisa, kwenye kituo cha mafuta pale Migori, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Homa Bay.

Baba, fundi wa mashua za faiba, alikuwa amejijengea gari kama lile kwa kuiga picha ya kalenda. Chini ya bodi hiyo ya faiba kulikuwa na injini ya gari kuukuu. Ua wote ulinuka gundi kali. Mimi niliamini ndilo lile lile la pichani, limeshuka tu ukutani.

Mama alitaka liuzwe tupate mabati mapya, kwa hiyo mnunuzi akaja kutoka Isebania. Aliligonga kwa kidole, likalia kama beseni.

"Fundi, hii ni kopi," alisema. "Nikitaka kuiuza, nani ataichukua? Nipe injini peke yake."

Niliogopa. Shuleni, aliyekopi alichapwa. Tena sikuelewa kwa nini mgeni alitaka chuma kichafu akaacha uzuri wote.

"Baba, ulimkopi nani?" nilinong'ona.

"Hata simjui, nyathina, mwanangu," alijibu. Kisha akamgeukia mgeni. "Injini haitoki. Nenda salama."

Mgeni akaondoka. Baba akawasha gari na kufungua mlango, nami nikamtazama Mama, nikingoja ugomvi. Mama akajipangusa magamba ya samaki mikononi, akaingia, akakaa mbele.

"Twende basi," alisema, "watu watuone."