Santuri Niliyoipaka Samli

Kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, maana hata leo nikipita karibu na ghala la ushirika pale Nyamwaga nainamisha uso, na aibu yenyewe sikuletewa na adui, niliipika mwenyewe nikaipakua.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa nakusanya santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, za soul na za injili, adimu kweli, nanunua Sirari kwa madereva wa malori wanaotoka Kenya. Nilikuwa nazo lundo chini ya kitanda. Mashine ya kuzipigia sikuwa nayo. (Ndiyo, mmesikia vizuri.) Nilikuwa nazitoa, nazitazama, nazirudisha, kisha natembea kijijini kwa maringo utadhani nimeziimba mimi. Katibu wa vijana aliziita takataka za mabeberu, nami nikamwita mshamba, ingawa yeye alikuwa na redio na mimi sina hata betri.

Katika lundo lile moja ilikuwa ya kwaya ya ng'ambo ya mpaka, alikoolewa shangazi yangu Bhoke, na sauti inayoongoza ni yake. Alifariki kabla santuri haijatufikia. Bibi, mama yake, alikuwa hachoki kuniuliza, "Mwita, huyu Bhoke ataimba lini?" Basi niliposikia watu wa redio wanakuja na gari lao lenye mashine ya santuri kurekodi salamu na nyimbo za wasikilizaji, nikatangaza kijiji kizima kwamba shangazi ataimba nchi nzima imsikie. Nani alinituma kutangaza? Hakuna.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaiona santuri imefifia. Sasa kwetu kitu cha heshima kinapakwa mafuta: ngozi, kigoda, ngoma, hata bibi harusi. Nikachota samli, nikaisugua pande zote mpaka ikang'aa nikajiona ndani yake, na kwa kuwa uzuri haufichwi nikaibeba wazi kifuani, bila gazeti wala kitambaa, njia nzima ya vumbi, na basi dogo likanipita likanimwagia vumbi lote la Tarime.

Ghala lilikuwa limejaa. Bibi alikuwa mbele kabisa kwenye kigoda chake, kitenge kipya. Mtangazaji, kijana wa mjini mwenye suruali pana ya kufagia sakafu, aliipokea kwa vidole viwili, akanusa, akaniangalia, akaiweka kwenye mashine. Sindano ikashuka. Ikatoka sauti moja ya mwanamke, "Aaa—", halafu shwaa, sindano ikateleza kutoka ukingoni mpaka katikati ikiwa imebeba tope.

"Ndugu," mtangazaji akauliza, "hii ni santuri au chapati?"

Ghala likalipuka.

"Si niliwaambia?" katibu akadakia. "Hata ubeberu wenyewe haujui!"

Mwenyekiti wa kijiji akaniita, "Wewe mura, kijana wetu, umeipaka nini?"

"Samli tu, mzee. Ya ng'ombe wetu."

Hapo ningenyamaza nikaondoka na chapati yangu, yangekwisha. Lakini samli haitoki kwa maji baridi, mtoto yeyote wa Kikurya analijua hilo, na nje akina mama walikuwa wanachemsha maji ya chai ya wageni. Nikaipokonya santuri, nikakimbia, nikainua birika. Mtangazaji nyuma yangu anapiga kelele, "Ndugu, usi—" nami nimeshamimina. Santuri ikajikunja mkononi mwangu kama jani la tumbaku juu ya moto.

Nikarudi nayo ndani hivyo hivyo (akili zangu zilikuwa wapi, msiniulize). Walicheka mpaka mwenyekiti akashika ukuta. Bibi peke yake ndiye alikuwa hajaelewa, anageuka huku na huku, "Mbona haimbi?"

Mnadhani imeishia hapo. Kumbe mashine yao ya kurekodi ilikuwa inazunguka muda wote, na Jumapili moja, watu wamejaa dukani kwenye redio ya katibu, bibi akiwemo, nikaisikia sauti yangu: "Samli tu, mzee. Ya ng'ombe wetu." Nchi nzima! Watu wakaanza kugaragara. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imepita ile sauti moja, "Aaa—", fupi kama kupiga chafya, na bibi alikuwa ameinua mkono.

"Nyamazeni. Ni yeye."

Wakanyamaza, hata katibu. Bibi akanigeukia, uso umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona. "Mwambie arudie."

Ikabidi nimweleze, mbele ya wote, mimi bingwa wa santuri, kwamba redio hairudii. Na kwamba nyingine hakuna.

Bado nazinunua. Lakini nimeapa, kitu nisichokijua nitauliza kwanza, hata kwa yule mwenye suruali ya kufagia sakafu, anicheke mpaka achoke, nami nisimame pale pale nisubiri anijibu.