Hita ya Mwalimu Njeri

Ndugu zangu, mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo. Sauti yangu bado ina moshi, na sina nguvu ya kuwapazia. Naitwa Mapendo. Nimeambiwa nyote hapa mmeitwa kwenye orodha ya kwenda nchi za baridi, na mwalimu wa darasa hili ameniomba niwaonyeshe mikono yangu na kuwaeleza ilifikaje hapa. Msione haya kuitazama. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi kuizoea.

Nilikuwa fundi cherehani kule Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma. Watoto wa baadhi yenu wamevaa sare nilizoshona, na kama suruali iliwahi kupasuka mapema, nisameheni, kitambaa kilikuwa cha bei rahisi. Nilitoka Uvira, Kongo, na mama yangu mzazi. Tuliishi chumba kimoja. Mbele ilikaa cherehani na meza ya kupigia pasi, nyuma ya pazia kikawa kitanda cha mama. Kwenye faili tulikuwa majina mawili tu, lake na langu.

Tulipoitwa mahojiano ya safari mimi niliruka kwa furaha. Mama alingoja hadi tulipofika nyumbani. Ndipo akasema, "Munataka kuniweka mu frigo nikiwa muzima? Miye nitabakia hapa." Alikuwa ameona picha za theluji kwenye simu ya jirani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwondolea neno hilo la friji. Akikataa, jina lake lingetolewa kwenye faili, na mimi ningeondoka peke yangu au tungebaki wote. Nilimbembeleza wiki nyingi. Nilimwambia kule nyumba zina mashine ya joto. Akaniuliza kama nimewahi kuiona hiyo mashine. Sikuwa nimewahi.

Mwalimu Njeri alikuwa mteja wangu, mama wa Kikenya aliyehamishiwa shule ya huku kutoka Ol Kalou. Kwao ni baridi kweli, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Alipohama alipakia vyombo vyote kwenye lori, hita ya kupasha chumba joto ikiwemo, na Turkana nzima ilimcheka. Niliposimulia shida ya mama, akaniletea. Akasema huku ni mzigo tu, heri mama aione na kuishika, hofu imtoke. Alifanya kwa moyo mweupe, na nataka hilo lijulikane.

Ilikuwa sanduku jembamba la bati jeupe, lenye matundu chini na matundu juu. Hewa baridi inaingia chini, inatoka juu ikiwa moto. Tuliichomeka saa sita mchana kwenye ekstensheni ya pasi. Taa ndogo nyekundu ikawaka, lakini joto halikuja. Nikazungusha kidude cha joto mpaka mwisho. Kimya. Mama akaweka kiganja juu yake, akacheka mpaka akakohoa. "Hata mashine inachoka na joto ya Kakuma," akasema. Nilicheka naye. Tukaamua imekufa.

Sikuichomoa. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelitazama kila upande. Iliposhindwa kuwaka nikaiona kama kabati. Ikawa mahali pa kuwekea vitambaa vilivyokatwa, na mama akatandika juu kitenge chake cha kujifunika. Juu ya bati kulikuwa na picha ya nguo iliyopigwa mstari. Mimi ni fundi, alama za namna hiyo naziona kila siku kwenye mashati: usifue kwa maji moto, usipige pasi. Nikaelewa kwamba hapa wanakataza kuanika nguo mbichi. Za kwetu zilikuwa kavu.

Lakini kwa mama hita ilikuwa imefanya kazi. Mama alianza kuizungumzia. Alimwuliza Mwalimu Njeri jinsi kwao wanavyolala, na kama mzee anaweza kuota joto la mashine huku anaomba rozari. Mwezi haukuisha akaniambia ataenda, mradi nimwahidi jambo moja, kwamba baridi haitamgusa. Nilimwahidi. Nilimshika mikono yake kwa hii mikono, ikiwa bado mizima.

Mvua ilikuja asubuhi moja, ile mvua ya huku isiyobisha hodi. Upepo ulikuwa mkali, na hewa ikapoa mpaka watu wakatafuta masweta. Nilikuwa nimewasha swichi ya ekstensheni, ambayo kila usiku niliizima, ili pasi ipate moto. Maji yakaanza kuingilia mlangoni. Mama alikuwa amelala, nikamfunika, nikarudishia mlango upepo usimpige, nikatoka na jembe kuchimba mfereji. Nilikuwa namkinga na baridi.

Akiru alinikuta hapo. Ni mama wa Kiturkana anayeuza makaa, rafiki yangu wa siku nyingi. Alinisalimu kwa Kiturkana, ejok, akasema mvua imeharibu soko, akauliza kama kuna chai. Kisha akanusa. Nilipogeuka, moshi mweusi ulikuwa unatoka juu ya mlango.

Ndani sikuona kitu. Niliita, mama hakuitika. Vitambaa vya sare vilikuwa vinawaka juu ya hita na moto umeshika pazia. Nilivikumbatia kwa mikono miwili nivitupe nje. Kitambaa cha nailoni hakichomi kama karatasi. Kinayeyuka, kinang'ang'ania, ukikitupa kinaondoka na ngozi. Sikusikia maumivu wakati huo. Nilisikia harufu, na nikashangaa ni nani anachoma nyama. Akiru alipita chini ya moshi akitambaa, akamshika mama miguu, akamvuta hadi kwenye matope. Baadaye alikuwa akisema tu, "Mimi nilivuta yeye. Alikuwa mwepesi sana."

Kisha akanishika mimi, akaitumbukiza mikono yangu kwenye maji ya mvua, akanikalia ili nisiitoe. Daktari alisema maji yale yalinisaidia sana, ingawa matope yaliniletea usaha.

Mama hakuwa na jeraha hata moja la moto. Moshi ndio ulioingia kifuani. Tulitenganishwa siku hiyohiyo, yeye akalazwa Kakuma, mimi nikapelekwa hospitali ya Lodwar.

Lodwar nilijifunza maumivu. Kila kubadilishwa bandeji niling'ata kanga. Vidole vilivimba vikawa kama viazi, vikatoa maji ya njano, kisha vikaanza kujikunja vyenyewe. Walichukua ngozi ya paja wakaipandikiza kwenye viganja. Nilioshwa na kulishwa na watu nisiowajua, na haja zangu nilisaidiwa kama mtoto. Kila siku nilimwuliza muuguzi habari za mama, naye akanijibu kwamba wanaulizia. Siku ya tisa alikuja Mwalimu Njeri. Alisimama mlangoni bila kuingia, nikajua. Mama alikuwa amekufa siku ya pili, na walikuwa wameshamzika. Mwalimu alipiga magoti karibu na kitanda akasema, "Mapendo, ni mimi niliyeileta." Nilitaka kumshika, sikuwa na mkono wa kumshika.

Kilichokuwa kinanila ni swali moja. Mashine iliyokufa inawashaje moto? Nilimwuliza fundi wa umeme wa hospitali alipokuja kutengeneza feni ya wodi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza taratibu. Hita ile haikuwa imekufa. Ina kifaa kinachopima joto la chumba, na mchana wa Kakuma una joto kupita kiwango chake cha mwisho, kwa hiyo ilijizuia. Hewa ilipopoa kwa mvua, ikaamka yenyewe na kufanya kazi yake. Nguo zikaziba matundu, joto likakosa pa kutokea. Za kisasa hujizima zikifunikwa, lakini kwa hii ya zamani kinga hiyo huenda ilikuwa imeharibika. Nililia siku nzima, nikalala.

Kupona kulichukua miezi. Msichana wa mazoezi ya viungo alinipa donge la unga nikande, kila asubuhi na kila jioni, machozi yakidondokea humo. Niliporudi Kakuma kuchukua chakula cha mgao, mashine ya alama za vidole haikunitambua. Karani akasema jaribu kingine, nikajaribu vyote, vidole tisa vikakataa. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichosema mimi ni Mapendo. Leo nashika sindano tena. Uzi ananitungia Akiru, na ananicheka ninavyoubana kwa meno.

Sasa nisikilizeni. Huko mwendako mtazikuta hita, nyingine bapa zimebandikwa ukutani, nyingine za kusimama sakafuni. Ya ukutani inaonekana mpole, lakini nayo msiisogezee kitanda wala pazia. Mkinunua, mwulizeni muuzaji kama inajizima ikifunikwa au ikianguka, na kama inatosha chumba chenu. Kuukuu ya kupewa mwonyesheni fundi kwanza. Ichomekeni kwenye soketi ya ukutani, ekstensheni hapana, na mkiona plagi inachemka, zimeni. Acheni nafasi ya mkono mzima kuizunguka. Nguo kavu nayo ni nguo, msiiweke juu yake. Mkitoka chumbani, chomoeni. Na ikikataa kuwaka, msiseme imekufa. Chomoeni kabla ya kucheka.

Namshukuru Mungu, namshukuru Akiru, na wauguzi wa Lodwar walioniosha. Mwalimu Njeri yuko pale nyuma, kila darasa anakuja kukaa nami, naye namshukuru. Jina langu limerudi kwenye orodha, safari hii likiwa peke yake. Kitenge cha mama kiliungua, kwa hiyo sina cha kubeba ila ile ahadi. Nilimwahidi mama yangu kwamba baridi haitamgusa. Haikumgusa.