Dorcas, Malaika na Harufu ya Samaki

Dorcas Baya, fundi cherehani wa Gede, akicheka husikika hadi ng'ambo ya barabara. Hushona magauni ya harusi, na paka wake Malaika hulala juu ya vitambaa kana kwamba duka ni lake.

Majuzi duka lilianza kunuka samaki aliyeoza. Dorcas hakuuliza wala hakuchunguza. Alitoka mikono kiunoni, akamwendea jirani yake Mangi, mkaanga samaki.

"Kaka Mangi, hao samaki wako ni wa lini? Wateja wangu wanaziba pua!"

"Wametoka baharini asubuhi hii, dada. Tafuta kwako."

Alirudi amenuna. Ndipo alipomkuta Malaika akijiburuta makalio mkekani. Paka aliketi, akaruka kama aliyekalia kaa la moto, kisha akajilamba chini ya mkia bila kukoma.

"Minyoo hiyo," Dorcas alijisemea, akampa dawa. Wapi! Paka akawa analia kila aendapo haja, na ukimgusa karibu na mkia anakufokea. Mwishowe akaacha doa la kahawia kwenye lesi nyeupe ya Emily, aliyekuwa akijiandaa kuolewa. Dorcas aliinama, akalinusa. Loo! Samaki yule yule.

Alimtia paka kikapuni, huyo kwa Mwambire, daktari wa mifugo.

"Si minyoo, mama," daktari alisema baada ya kumpapasa. "Paka ana vifuko viwili vidogo vya majimaji yanayonuka kando ya tundu la haja. Vya huyu vimeziba, lazima vikamuliwe. Tungemwacha, vingeota jipu."

"Kwa hiyo nimkamue mwenyewe nyumbani?"

"Hapana, utamuumiza. Ukiona dalili hizi tena, mlete."

Akavaa glavu, akaminya taratibu. Harufu iliyotoka hapo! Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu alitoka mbio, mbuzi wake mbele. Dorcas alicheka hadi akashika ukuta, na daktari naye, aliyejikaza muda wote, akashindwa.

Jioni Dorcas alimwendea Mangi.

"Kaka, niwie radhi. Nilikusingizia, na mwenye makosa analala kwangu."

Mangi alipoelezwa alicheka akakaribia kuangusha karai, akamfungia Dorcas samaki mkubwa.

"Mpe mgonjwa pole yangu."

Emily naye hakukasirika. Alishonewa gauni la lesi mpya, nzuri kuliko ya kwanza, na siku ya kulipima alilazimika kusimama kwa mguu mmoja, maana Malaika, mzima kana kwamba hakuwahi kuugua, alikuwa akiukimbiza upindo wa gauni.